Kura ya Shemeji

Siku Katibu alipogundua kwamba amekikata chama kwa mkasi wake mwenyewe, alikaa kwenye kiti cha cherehani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Mambo yalikuwa hivi. Katibu alikuwa fundi wa nguo, na chama chake kidogo cha upinzani kilikutana mara moja kwa mwezi, Jumatano alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka lake. Walikuwa wajumbe wanane, na viti saba na ndoo moja iliyogeuzwa. Askari walikuwa wameshakuja mara mbili kupekua makabati, kwa hiyo chama kikapiga kura kwamba mihtasari ya vikao iandikwe nyuma ya karatasi za kukatia vitambaa, maana askari gani angesoma karatasi ya suruali? Na chama hicho kilipiga kura kwa kila jambo. Kufungua dirisha tu kulichukua robo saa, na mjumbe mmoja akadai iandikwe kwamba yeye hakuegemea upande wowote.

Ujanja ule ulikuwa mzuri mno, hata ukamponza mwenyewe. Chama Kikubwa, kile kinachotawala, kiliagiza sare mia mbili za gwaride, kazi ambayo hakuna fundi aliyeikataa akabaki na duka. Katibu akavuta karatasi, akashika mkasi, na kwa haraka akaugeuza mwaka mzima wa mijadala kuwa mikono, kola na mifuko. Mabaki aliwashia jiko.

Sasa, kikaoni Jumatano hiyo, barua ya Msajili wa vyama ilikuwa mezani. Alitaka mihtasari ya vikao kumi na viwili vya mwisho, kila kimoja kiwe na wajumbe wasiopungua tisa, ifike kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Isipofika, chama kinafutwa.

"Mihtasari haipo," alisema Katibu. "Na hata ingekuwepo, tuko wanane tangu kinyozi atuhame."

"Tulie kilio kimoja kimoja, mama," alisema Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye hakuwahi kusema jambo mara moja. "Kimoja kimoja."

Mjumbe mmoja alipendekeza watunge mihtasari mipya kichwani. Wakapiga kura. Wote wanane wakakataa. "Waongo wametosha serikalini," alisema Mwenyekiti, akarudia. Katibu naye alinyoosha mkono kukataa, huku roho ikimuuma. Hicho kilikuwa chumba pekee mjini alimoweza kusema anachofikiri, na watu wakambishia kwa adabu. Hakujua angeishije bila hicho.

Karibu na mlango, juu ya kigoda, Shemeji alikuwa akiandika.

Jina hilo alijipa mwenyewe. Mwaka juzi alibisha hodi akasema yeye ni shemeji wa mmoja wao. Wakatazamana, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake, wakamkaribisha. Ilipobainika, miezi michache iliyopita, kwamba ni mtu wa usalama, Katibu alitaka atolewe nje siku hiyohiyo. Mwenyekiti akasema chama kinachodai uwazi hakiwezi kumfungia mtu mlango. Kura zikawa tano kwa tatu, Shemeji akabaki. Katibu alinuna. Tangu siku hiyo chupa ya chai ilizunguka chumba kizima na kumruka yeye.

Kikao kilipokwisha, Katibu alimzuia mlangoni.

"Shemeji, naomba madaftari yako."

"Hizo ni siri za serikali, Mama Katibu."

"Siri gani! Ni maneno yangu mwenyewe. Mengine nilikuwa nakusema wewe!"

Shemeji aliitazama ile barua mezani, kisha akatazama viatu vyake. "Kesho asubuhi nitaleta suruali ya kupunguza kiuno," alisema, akaondoka.

Alhamisi asubuhi aliileta, na ndani yake mlikuwa na madaftari kumi na mawili. Mwandiko ulikuwa safi. Hakuacha kitu: nani alikohoa, nani alisinzia, na pembeni mwa hotuba za Mwenyekiti, kwenye mabano, "anarudia". Katibu alianza kunakili huku akitabasamu bila kupenda. Halafu akasimamisha kalamu. Juu ya kila kikao paliandikwa: waliohudhuria, tisa.

"Hapa umekosea. Sisi wanane."

"Sijakosea. Katiba yenu, kifungu cha nne. Anayehudhuria vikao vitatu mfululizo bila kufukuzwa kwa kura ni mjumbe." Akakohoa kidogo. "Nadhani ni mimi tu niliyeisoma."

Katibu akajitia hamnazo, akaendelea kuandika, mpaka akafika kwenye kikao kile. Wanaotaka Shemeji abaki: watano. Wanaotaka atoke: wanne. Akahesabu kwa vidole. Walikuwa watatu tu, naye akiwemo; aliwakumbuka mmoja mmoja, maana walikuwa upande wake.

"Na huyu wa nne ni nani?"

Shemeji aliinama kana kwamba anaikagua suruali yake. "Nilikuunga mkono wewe. Mkono sikuunyoosha, niliona haya. Mwalimu alizungumza vizuri, lakini hoja yako ilikuwa na nguvu zaidi."

Katibu aliiweka kalamu chini.

"Nikiandika tisa," alisema polepole, "lazima niorodheshe majina. Wakubwa wako wataliona lako."

"Wataliona."

"Na kazi je?"

Shemeji aliikunja suruali yake vizuri. Hakuwa shujaa, akaikunjua, akaikunja tena. "Mwaka wa pili huu nawaandikia kwamba hapa hakuna hatari yoyote," alisema. "Hawajawahi kuniuliza mimi naonaje. Hapa mnaulizana hata kuhusu dirisha. Andika, Mama."

Katibu aliinuka, akachukua kikombe cha Mwenyekiti, akakisuuza, akamimina chai mpaka ukingoni na kumwekea mbele yake. Akakaa tena, akavuta karatasi. Hapo ndipo aibu ilipompata, akaona kwamba kwa muda wote ule hakuna hata mmoja wao, pamoja na kura zao zote, aliyewahi kumwuliza.

"Samahani," alisema. "Jina lako nani?"

Akamtajia. Katibu akaliandika mara kumi na mbili, kwa wino.