Duara Lisilokanyagwa

Kwa miaka mitatu wachezaji wanane wa kikundi cha ngoma cha Luoyang, Uchina, walilizunguka duara la chaki katikati ya ukumbi, na ole wake aliyelikanyaga hata kwa kidole cha mguu. Mwalimu Shen Guangyi, mtunzi wa ngoma hiyo, hakuwa na masihara nalo. Chungu, aliwaambia, hufaa kwa sababu ya ule uwazi wa ndani, kama walivyosema wahenga wao. Basi nao waufinyange uwazi kwa miili yao, hadi mtazamaji auone. Hata mama wa usafi alipopiga deki, alilikwepa.

Siku ya ukaguzi akaja Mkuu Bao wa ofisi ya utamaduni, akaketi mbele na chupa yake ya chai. Ngoma ilipokwisha, alijikuna shingo.

"Mwalimu Shen, leo nani anaumwa?"

"Hakuna, Mkuu. Wote wapo."

"Mbona katikati hapana mtu? Au nyota wenu kakwama msalani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shen naye alicheka. Alikuwa na miaka sitini na moja, na kucheka na wakubwa dunia ilishamfunza kwa bakora. Kisha akaeleza kwamba ule uwazi ndio mchezaji mkuu. Bao alisikiliza kwa adabu, akatema jani la chai.

"Mzee wangu, watu watakuja na wajukuu. Utawaonyesha sakafu? Weka binti pale, avae kama yungiyungi. Hutaki, nawaita watu wa sarakasi."

Shen aliwatazama wachezaji wake, akingoja japo mmoja akohoe. Wote wakainamia kamba za viatu vyao. Akamwita Lu Peishan, mwanafunzi wake wa kwanza.

Siku ya onyesho Peishan alizunguka pale katikati kama pia, na yakalipuka makofi ambayo Shen hakuwahi kusikia mfano wake maishani.

"Unaona?" Bao alimpiga begani nyuma ya pazia. "Kwenye onyesho la mkoani tunaweka wawili!"

Shen akamvuta Peishan kando. "Nisamehe, mwanangu. Nimeiharibu ngoma."

"Nikusamehe nini, Mwalimu?" Binti alitweta, uso unang'aa. "Miaka yote hii najiuliza utamweka nani pale. Nilikuwa naomba niwe mimi."

Shen akamfunga vizuri utepe wa vazi la yungiyungi. Wale saba walishaanza kugombania nafasi ya pili.

"Mwalimu, mimi basi! Huyu magoti mabovu!"

"Tutaona," akasema. Akaenda kuchukua koti lake, akakaa nalo mapajani, hajui aelekee wapi.