Bao Alilolikataa Anselme

Sheria ya hoki ya barafuni ina kifungu kimoja ambacho mtu mwoga anaweza kujificha ndani yake. Refa asipokiona kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, mchezo unahesabiwa umesimama tangu alipokusudia kupuliza filimbi, hata kama filimbi yenyewe bado haijalia. Na kusudio liko kichwani mwa refa. Hakuna kamera inayofika huko.

Anselme alikijua kifungu hicho vizuri. Alicheza hoki ya kulipwa miaka kumi na miwili, akiwa beki, akapoteza meno matatu, mpaka goti lilipomgomea akavaa shati la milia la waamuzi. Mama yake, aliyetoka Bukavu, alikuwa mfanya usafi kwenye uwanja wa barafu mashariki mwa Landani. Ndiye aliyemvalisha viatu vya kutelezea mara ya kwanza, ili mtoto apate la kufanya na yeye mama apige deki kwa amani.

Jumapili hiyo, wakati timu zinapasha misuli, mshambuliaji mmoja alimtelezea mpaka karibu. Aliitwa Collins, alitoka Nairobi, na alikuwa kwenye majaribio. Kocha wake alikuwa amemwambia mbele ya wote: leo ufunge, la sivyo kesho usilete begi lako hapa. Anselme alikuwa amelisikia hilo kwa masikio yake.

"Shikamoo, mzee!"

"Mzee ni baba yako."

"Aii! Si nilikuwa nakutazama kwa simu ya mathe nikiwa darasa la tano? Ulikuwa unagonga watu kama kifaru!"

Anselme alicheka kwa sauti. Katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumsemesha Kiswahili juu ya barafu. Ndipo kocha wa wageni alipoita kwa Kiingereza kutoka benchi lake: "Ndugu yako huyo, refa? Basi sisi tumekwisha!" Benchi zima likaangua kicheko.

Kicheko cha Anselme kikakatika.

Tangu hapo aliuchezesha mchezo akilitazama benchi lile. Mara mbili alimtoa Collins nje dakika mbili kwa makosa ambayo kwa mwingine angeyaachia. Collins alikaa kwenye kibanda cha adhabu bila kulalamika, akafuta kioo cha kofia yake, akarudi kucheza.

Zilibaki sekunde arobaini, mabao matatu kwa matatu. Kisahani kiligonga goti la kipa kikaanguka mbele ya lango. Anselme alikuwa hatua nne tu kutoka pale na alikiona waziwazi, cheusi juu ya weupe. Collins alijinyoosha, akakisukuma kwa ncha ya fimbo, nyavu zikatikisika.

"Limeingia!" Anselme alisema, kwa Kiswahili, bila kufikiri.

Halafu akainua macho, akakutana na ya kocha wa wageni. Mkono uliopaswa kuonyesha langoni ulifagia hewa, kulia na kushoto: si bao. Filimbi ikalia baada ya hapo. Alieleza kwamba alikuwa ameshakusudia kusimamisha mchezo. Mechi ikaisha sare.

Katika chumba cha waamuzi, Valentine, mwanamke wa Kiingereza anayewakagua marefa, alimuuliza swali moja tu.

"Ulikusudia lini?"

"Kabla hakijaingia."

"Nilijua. Na alikuwa kijana wa kwenu! Mwingine angempendelea. Nimekuandikia alama za juu kabisa."

Anselme akasema asante. Alikaa bafuni muda mrefu, maji yakimwagika, naye hajavua hata soksi.

Alimkuta Collins kituo cha Stratford, amekalia begi lake kwenye jukwaa la treni, fimbo mbili zimefungwa pamoja kwa utepe.

"Wameniambia niende," Collins alisema kabla hajaulizwa.

"Mdogo wangu..."

"Nilikusikia, ref. Ulisema limeingia."

"Juu ya nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Wangekupokonya filimbi leo leo. Mimi nilikuwa naenda tu. Nikaona heri mmoja wetu abaki." Akainua mabega. "Lakini usikae hapa na mimi, tafadhali."

Anselme alisogea hatua chache. Angetukanwa, angevumilia, matusi aliyazoea. Huyu aliyemdhulumu ndiye aliyemfichia aibu, tena bila kuombwa. Akatoa simu, akampigia Valentine.

"We, acha!" Collins alisema. "Bao halirudi."

"Najua."

Valentine alipokea. Anselme alianza kwa sauti ya chini, mkono mdomoni.

"Sikusikii," Valentine alisema. "Treni gani hiyo inapiga kelele? Ongea kwa nguvu."

"Lilikuwa bao!" Anselme akapaza sauti. "Nililiona! Sikukusudia chochote!"

"Kwa nini ukalikataa basi?"

Treni ilikuwa inaingia, magurudumu yakikwaruza reli, na ilimbidi apige kelele kabisa. "Niliogopa watasema nimempendelea! Niliogopa, unanisikia? Niliogopa!"

Watu waligeuka. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Collins alilibeba begi, akatembea mpaka behewa la mwisho, na hakutazama nyuma. Simuni Valentine alikuwa akimwomba ayarudie yote pole pole, ili aandike.