Ngozi ya Ndani

Mstari ulisogea kidogo, ukasimama tena. Nyirakamana alisukuma mfuko wake mtupu kwa mguu, akabana mapaja. Alikuwa ametoka chooni alfajiri, na tayari kibofu kilimwasha kama kimemwagiwa pilipili.

"Mama Élodie, ulikunywa maji leo?" aliuliza Mukamugema, jirani yake kambini, aliyesimama nyuma yake.

"Hata tone. Nani anakunywa maji siku ya unga?"

"Njo maana midomo imekunjamana kama kiazi ya mwaka jana."

Ugawaji uliopita alitoka mara moja tu kwenda chooni. Aliporudi, Buhendwa, msimamizi mwenye megafoni na kizibao cha kijani, alimpeleka mwisho wa mstari, na unga ukaisha kabla hajafika. Watoto walishindia majani ya maharage yaliyochemshwa bila chumvi.

Wagonjwa walikuwa wakipewa jetoni nyekundu, kipande cha plastiki cha kuonyesha mstarini, wakahudumiwa kwanza. Jana alikuwa ameenda kuiomba kwenye zahanati ya kambi. Florent, muuguzi, alipima mkojo wake tena.

"Haiko mikrobe, mama. Mukojo iko safi."

"Lakini inaniunguza. Usiku yote niko kwa mulango ya choo. Batu wanasema ni sumu. Wengine wanasema maaskari walinikamata njiani, ninaficha."

Florent aliweka kipimo kando. Kisha akamweleza kwamba kibofu kina ngozi ya ndani, utando mwembamba unaoteleza, unaozuia mkojo usiguse nyama. Kwa watu wengine utando huo huharibika. Mkojo hupenya na kuunguza kama ndimu kwenye kidonda, na kipimo cha mikrobe, yaani vijidudu, hakioni kitu. Asiyekunywa maji, mkojo wake huwa mkali zaidi.

"Kunywa maji, mama. Na usijizuie."

"Na jetoni?"

Florent alitazama meza. "Mi nakuamini. Lakini mukubwa wangu ataniuliza mikrobe iko wapi."

Sasa jua lilikuwa limepanda, na mawe meusi ya volkano yalirudisha joto miguuni. Buhendwa alipita kando ya mstari.

"Papa, nisaidie," Nyirakamana alisema. "Niko mugonjwa. Choo ni pale tu."

"Onyesha jetoni."

"Sina."

"Basi uko muzima. Mutu muzima anapanga mustari. Mwenye anatoka, anarudi nyuma."

Mbele, rundo la magunia lilikuwa limeshuka hadi kiunoni mwa mgawaji. Nyirakamana aliinua mguu kutoka. Mukamugema akamshika mkono.

"Usitoke."

Akafungua kitenge chake cha juu. Mwanamke wa mbele akageuka, akaelewa, akafungua chake. Wengine wawili wakasogea. Walifanya kama walivyofanya walipokimbia vita kutoka Kibumba, mama mmoja aliposhikwa na uchungu wa kuzaa kando ya barabara: vitenge vimeinuliwa, migongo ndani, macho nje.

Nyirakamana alichuchumaa. Maumivu yalimpanda hadi mgongoni, akauma mkono asisikike. Mkojo ulikuwa kidogo tu, mweusi kama chai iliyochemka sana.

"Munafanya nini pale?" megafoni ikauliza.

"Tunapanga mustari, papa," Mukamugema alijibu bila kugeuza kichwa. "Hakuna mwenye ametoka."

Watu wa mbele wakapiga hatua. Vitenge navyo vikasogea, polepole, na katikati yake Nyirakamana, bado ameinama, akiburuta mfuko wake.