Mwenzi wa Dawati

Mama alikuwa na desturi ya kunywa chai ya asubuhi akiwa amesimama. Aliegemea mlango wa jikoni, kikombe mkono mmoja, kitambaa cha kichwa mkono wa pili, huku akinitajia mambo ya siku: nianue nguo kabla ya mvua, nimkumbushe mpangaji wa nyuma afunge geti, nisisahau sweta. Kisha alimaliza chai kwa mkupuo mmoja, akafunga kitambaa, tukatoka pamoja kwenda stejini kupanda basi.

Asubuhi ile ya Agosti 2006 hakuwa amefika kwenye sweta simu yake ilipolia.

“Debra?” alisema. “Debra yupi? Haiya! Debra wetu wa Form Four!”

Debra ana sauti ya kuhutubia uwanja, kwa hiyo nilisikia karibu yote. Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu darasa lao lilipotoka katika ile shule ya bweni ya wasichana, na sasa wangekutana tena, mwezi wa Novemba, katika hoteli moja katikati ya mji. Kamati ilikuwa imeshaundwa. Mama alikuwa amechaguliwa kusimamia chakula, bila kuulizwa.

“Na huwezi amini nimempata nani,” Debra akasema. “Ajwang! Amekubali kuja.”

Mama aliweka kikombe juu ya meza polepole. “Ni vizuri,” akasema. Alikata simu, akatoka nje bila kitambaa, akiacha chai nusu. Nilimkuta amefika getini na viatu vya nyumbani.

Ajwang nilimjua vizuri nilipokuwa mdogo. Walikuwa wameketi na Mama dawati moja tangu Form One mpaka mwisho. Alipoolewa kwao Ugenya, Nyanza, na kuwa mwalimu huko, alikuwa akija kwetu Waithaka, pembezoni mwa Nairobi, kila likizo, na nyumba ilijaa kicheko hadi Baba akajifanya amekwenda kuangalia ng'ombe. Kisha Baba yangu, Kiarie, akafa ghafla mwaka wa 1998. Habari zilipelekwa Ugenya, na Ajwang akatuma neno kwamba anakuja. Hakuja. Hakuja mazishini wala baada ya mazishi. Hakuandika. Mama hakuwahi kumlaumu mbele yangu. Akiulizwa alisema walimu wana kazi nyingi. Lakini mimi niliyelala chumba kimoja naye miaka ile najua kwamba tangu wakati huo hakupata rafiki mwingine wa kucheka naye namna ile, na kwamba hakumtafuta.

Kwa sababu nilikuwa nimesomea uhazili, na ofisi ya Debra ya kuuza nyumba ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwa daktari wa meno niliyemfanyia kazi ya mapokezi Hurlingham, kamati iliniomba niwe nikiwaandikia kumbukumbu za mikutano. Walikutana saa ya chakula cha mchana. Sikupenda kukaa mbele ya watu, hata wanne, lakini nilitaka kujua Mama atafanya nini.

“Tutaanza na maombi,” Debra alisema mkutano wa kwanza, “halafu tuamue namna ya kukaa. Sitaki ile ya matajiri huku na wengine kule. Mimi nimefikiria hivi: tupange meza vile darasa lilikuwa. Kila mtu na deskmate wake.”

“Na mimi deskmate wangu alikuwa dirisha,” akasema Nasimiyu, mwanamke mwembamba wa mzaha ambaye sasa alikuwa na duka la dawa Kawangware. “Mtaniwekea dirisha?”

“Nasimiyu, wewe ulitengwa kwa sababu ya mdomo. Utakaa peke yako tena.”

Wote walicheka isipokuwa Mama. “Watu wamebadilika,” akasema. “Wengine hata hawawezi kukumbuka walikaa wapi.”

“Nani hawezi? Wewe na Ajwang mlikuwa safu ya pili, karibu na mlango, na mlikuwa mnanifungia njia kila siku na miguu yenu.”

“Mimi nitakuwa jikoni. Nasimamia chakula.”

“Chakula kina wapishi wa hoteli, Virginia. Wewe ni wa kuonja tu. Anita, andika: tutakaa vile tulikuwa tunakaa darasani.”

Niliandika. Sikuthubutu kumtazama Mama.

Kuanzia hapo hakutulia. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Alishona gauni la kitenge, akalifumua mikono, akaishona upya mirefu, kisha akasema amekuwa kama mke wa askofu, akafupisha tena. Jumapili tukitoka kanisani alisema haendi. Jumatatu alimpigia Debra kuuliza kama kuku watatosha. Nilimsikia chumbani akifanya mazoezi ya utambulisho, maana kwetu hakuna mkutano usiokuwa na utambulisho, watu kusimama mmoja mmoja na kusema jina, kazi, watoto, na kumshukuru Mungu. “Naitwa Virginia,” alikuwa akiuambia ukuta, “ni mjane…” Kisha akaanza tena. “Naitwa Virginia…”

Mimi nilikuwa na namba ya Ajwang kutoka kwa Debra. Niliandika ujumbe kwenye simu: Shangazi, Mama anaogopa, tafadhali uwe mpole. Nikaufuta. Nikaandika: Kwa nini hukuja? Huo niliufuta haraka zaidi, nikaweka simu chini ya mto kana kwamba ingeutuma yenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana wa jua kali. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya kwanza, madirisha yakitazama mtaa uliojaa honi. Meza ndogo za watu wawili wawili zilipangwa safu, zote zikitazama mbele, ambapo Debra alisimama na maikrofoni kama mwalimu wa zamu. Wanawake waliingia wakipigiana kelele kwa majina ya utoto. Waliguswa matumbo, wakavutwa wigi, wakaambiwa wamezeeka na wakaambiwa hawajabadilika hata kidogo. Mhudumu mmoja alishtuka, nadhani alifikiri ni ugomvi.

Mama aliketi safu ya pili karibu na mlango. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mimi nilikuwa kwenye meza ya kando na birika la chai, kazi niliyojipatia ili nisikae na watu.

Maombi yalifanywa. Chakula kililiwa. Kiti bado kilikuwa kitupu. Nilipopita na chai Mama alinishika mkono.

“Unaona?” akasema kwa sauti ya chini. “Ni vile vile tu. Anasema anakuja.”

“Labda njiani, Mama.”

“Njia gani hiyo haifiki?” Lakini alikuwa amefunika sahani ya pili kwa sahani nyingine, na kuku wake bora alikuwa humo.

Utambulisho ulikuwa umeanza, safu ya kwanza, mlango ulipofunguka kwa kishindo. Mwanamke mnene mwenye gauni la bluu alisimama hapo akihema, mkoba begani.

“Sijachelewa,” akatangaza. “Ninyi ndio mmeanza mapema.”

Ukumbi ulilipuka. Debra alipiga maikrofoni kwa kidole. “Ajwang! Simama kando, useme sababu!”

“Madam, basi iliharibika Naivasha.”

“Kaa chini. Ni adhabu ya kufagia.”

Ajwang aliketi. Kiti kililalamika. Alimgeukia Mama, na kicheko kikamtoka usoni. “Virginia,” akasema.

“Umefika,” Mama akamjibu. Alimsogezea sahani iliyofunikwa, kisha akatazama mbele. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, kama wanafunzi wanaoogopa kupatikana wakiongea. Niliona mkono wa Ajwang ukifunua sahani, ukaifunika tena bila kula.

Zamu ikafika meza yao. Ajwang alisimama wa kwanza.

“Mimi ni Ajwang, mnanijua. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Ugenya, mume ni yule yule, watoto wanne, Mungu asifiwe.” Alivuta pumzi. “Halafu nina jambo nataka kusema mbele yenu wote, kwa sababu nikilisema peke yangu nitakimbia. Bwana ya Virginia alipofariki, nilikuja kumzika.”

Mama aligeuka kumtazama.

“Nilikuja, jamani! Nilipanda basi usiku kutoka nyumbani, nikafika mochari asubuhi. Mnajua vile mochari inakuwa siku ya mazishi, magari yote yamefungwa kitambaa nyekundu, watu wote wamevaa nyeusi. Nikaona kundi la Wakikuyu wanaimba. Nikauliza mama mmoja, hii ni ya Kiarie? Akaniambia, eeh, ni ya Kiarie, panda. Nikapanda. Nilikuwa sijalala, nikalala. Kuamka, naona milima na majani chai! Nikajiambia, Ajwang, Waithaka ilipata milima lini?”

Kicheko kilianza nyuma, kwa Nasimiyu.

“Ningeshuka wapi? Mvua inanyesha, simjui mtu. Tukafika. Naangalia picha juu ya jeneza, ni mzee, mzee kabisa, ana mkongojo! Virginia aliolewa na kijana, mimi nilikuwa msimamizi wake wa arusi! Nataka kujificha. Sasa mwenye kuendesha programu anasema, tumebarikiwa, tuna mgeni ametoka Nyanza, aje aseme mawili matatu juu ya Mzee.”

“Ukasema?” Debra aliuliza, maikrofoni ikilia.

“Ningefanya nini? Nilisema Mzee alikuwa mtu wa watu! Nikasema hata kwetu Ugenya tutamkosa! Wakapiga makofi. Nikatupa udongo. Nikapewa ndizi na nduma za kubeba.”

Sasa hata wahudumu walikuwa wakicheka. Debra aliketi chini. Nasimiyu alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yakitikisika. Na Mama alikuwa akicheka. Nilisahau birika mkononi. Alicheka akishika ubavu, machozi yakimtoka, kicheko kile ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa na sare ya shule, na nilifikiri: imekwisha, Mungu wangu, imekwisha vizuri.

“Niliporudi Nairobi usiku umeingia, wewe umeshazika,” Ajwang akamwambia, akipangusa macho. “Nikaona aibu. Nitamwambia nini mtu ana kilio? Nikarudi nyumbani. Nikasema mwezi ujao. Mwezi ukapita, aibu ikaongezeka. Lakini yule mama mjane wa Mzee, huyo alinipenda! Tuliandikiana, sasa tuna simu, tunapigiana mpaka leo. Krismasi lazima aniite. Ananiita binti yake wa Nyanza!”

Watu walicheka tena, kwa nguvu zaidi. Mama hakucheka. Uso wake ulifungwa polepole, na akaangalia mikono yake juu ya kitambaa cha meza. Ajwang aliona, akaketi upesi, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani.

“Haya, Virginia!” Debra akasema, bado akihema. “Zamu yako. Msamehe huyu mwizi wa nduma tuendelee na keki.”

Mama alisimama. Alinyoosha kitenge. Nilimwona akitafuta yale maneno aliyoyazoea chumbani, na midomo yangu ilisogea naye.

“Naitwa Virginia,” akasema. “Nafanya kazi kantini Upper Hill. Nina binti, yule pale.” Watu walitabasamu, wakingoja. Honi zililia mtaani. “Mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu.”

“Sema tu, Virginia!” mtu akaita.

“Ajwang.” Hakumtazama. Alizungumza akielekea mbele, lakini sauti haikuwa ya mazoezi. “Hiyo ya mochari nimekusamehe hata kabla hujaimaliza. Mtu yeyote anaweza kupotea. Siku ile watu walikuwa wengi, walijaza boma, wakapika, wakaimba. Nilikutafuta kwa macho, ndiyo, lakini singekosa wa kunishika mkono.”

Nasimiyu aliinua kichwa.

“Shida ni Jumatatu iliyofuata. Watu walienda na sufuria zao na viti vyao. Mlango ukafungwa. Nikakaa na huyu mtoto, hatuna neno la kuambiana. Kama ungebisha hodi Jumatatu, ukaniambia umelilia mzee wa watu na umepewa nduma, ningecheka, Ajwang. Ningecheka hata na kilio changu. Nilikuwa natafuta mtu wa kunichekesha na hakuna mtu alithubutu.”

“Virginia,” Ajwang alisema, akiinuka nusu.

“Ngoja. Sijamaliza.” Mama alimgeukia hatimaye. “Miaka hii yote unampigia mjane simu. Unamuuliza amelalaje. Unajua Krismasi yake. Mimi nilikuwa Waithaka, sijahama, geti ni lile lile. Nikawa nasema kwa watu una kazi nyingi, kwa sababu nilikuwa naona haya kusema nimekukosa. Sasa nasema. Sikutaka umzike Kiarie. Kiarie alizikwa. Nilitaka unipigie mimi.”