Siku ya Ufunguzi

Verna Kangas alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi ya mji wa Ruona, Michigan ya Juu, Marekani, kwa miaka ishirini na tisa, na kama kuna kitu hakukijua maishani ni kunyamaza. Barua ilipoletwa kusema wodi itafungwa, hata koti hakuvua. Alimpigia simu aliyeiandika.

Barua ilisema wenye pingamizi waje katika ukumbi wa michezo wa shule, tarehe kumi na tano Novemba, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wakiandika majina watu mia moja, wodi haitaguswa mpaka shauri lisikilizwe upya. Wasipotimia, kwisha habari yake. Kila mjamzito wa Ruona atakwenda kujifungulia umbali wa maili tisini, na theluji ya kule si ya mchezo.

"Bibie, hiyo tarehe haifai," Verna alisema. "Ni siku ya ufunguzi."

"Ooh, hongereni sana!" akajibu Meredith Ashcombe, ofisa wa kampuni inayomiliki hospitali, kutoka huko kusini kwenye majengo ya vioo. "Mnafungua nini?"

Verna akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Hatufungui kitu, mama. Ni ufunguzi wa msimu wa kuwinda kulungu. Mji mzima utakuwa porini. Hata shule zinafunga."

"Aa, uwindaji! Basi wanaojali watachukua ruhusa ya saa moja tu, si ndiyo? Ratiba imeshapitishwa."

Sasa jamani, mtu amesoma mpaka vyeti vimejaa ukutani, Ulaya kwenda na kurudi ni kama sokoni, lakini hajui kwamba ndani ya jimbo lake mwenyewe kuna watu ambao siku hiyo hawaoi wala hawazikani. Kwao kina Meredith nyama inatoka dukani imeviringishwa plastiki. Ruona, usipompata kulungu Novemba, friza linakutazama tupu mpaka Aprili. Na wala hakuwa na nia mbaya, ndiyo maana ilimuuma Verna zaidi. Angekuwa mkorofi tu, Verna angejua pa kumshika.

Tarehe kumi na nne Verna akaanza na wa nyumbani.

"Toivo, nipe saa moja tu ya kesho."

Mumewe alikuwa anafuta bunduki mezani. "Niombe figo, mke wangu, nikupe sasa hivi. Kesho? Thubutu!"

"Watafunga wodi."

"Hawawezi. Wanatutisha tu."

Verna akawasha pikapu, akazunguka kambi za wawindaji moja baada ya nyingine. Kila mahali walimkaribisha kahawa na pai za nyama na viazi, wakamsikiliza kwa heshima, wakakataa. Reino Saari, ambaye mkewe alizalishwa na Verna mara nne, akamwahidi kwa moyo mkunjufu kwamba atakuja keshokutwa.

"Keshokutwa kutakuwa hakuna wodi, bwege wewe!"

"Basi mwambie huyo mama asogeze siku. Nani anaita mkutano siku ya ufunguzi? Hana watu kwao wa kumwambia?"

Verna alirudi nyumbani bila ahadi hata moja ya kesho. Huku hawaamini kama kuna binadamu asiyejua ufunguzi, kule hawaamini kama kuna binadamu anayeujali. Na katikati yupo yeye na wajawazito wake saba. Akajiapiza kwamba mia moja watapatikana, wapende wasipende.

Siku yenyewe, kufikia saa saba na nusu mchana, ukumbini kulikuwa na viti mia mbili na majina kumi na moja. Sita ya mabibi, moja la mchungaji, manne ya wajawazito walioweza kufika. Meredith, kwenye meza yake, alianza kupanga karatasi.

"Pole sana, mama Kangas. Tuliwapa nafasi, hawakuitaka."

"Hamishia meza yako mlingotini. Watu wote wako pale."

"Mlingotini?"

"Mbele ya kituo cha mafuta. Wanatundika kulungu waliowapata. Saa tisa wanapima pembe, mwenye kubwa anachukua kombe. Hakuna atakayetoka pale kabla ya hapo."

"Sheria inasema ndani ya ukumbi. Ningeweza ningekusaidia, kweli kabisa."

"Na unafunga saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Haya. Kaa hapo hapo. Usithubutu kuinuka."

Pale mlingotini, kulungu ishirini na sita walikuwa wananing'inia kwenye gogo refu, na chini yao watu zaidi ya mia mbili waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa, wanacheka, wanatambiana kwa uongo. Wa katikati alikuwa dume la ajabu, pembe zenye ncha kumi na mbili. Chini yake alisimama Toivo, kifua mbele. Miaka thelathini anawinda, leo ndiyo leo.

Verna akaja kinyumenyume na pikapu, akipiga honi, watu wakiruka pembeni, mpaka bodi la nyuma likasimama chini ya lile dume. Akashuka. Akaifungua kamba. Puu! Mnyama akaangukia ndani ya bodi, pikapu ikanesa.

"Wee Verna!" Toivo akapiga kelele. "Una wazimu? Kulungu wangu!"

"Mfuate."

"Unampeleka wapi?"

"Ukumbini. Mwenye futi ya kupimia naye aje. Hakuna kombe bila huyu."

Akaondoka taratibu makusudi, wasimpoteze. Nyuma yake watu walitukana, wakacheka, wakawasha magari, na Reino akawa anakimbia kwa miguu huku anapaza sauti kwamba huu ni wizi wa mchana kweupe. Waliingia ukumbini na viatu vya matope na damu mikononi. Verna akasimama mlangoni na ufunguo wa pikapu ndani ya sidiria.

"Jina kwanza, kulungu baadaye! Panga foleni!"

Meredith aliandika bila kuinua kichwa. Alimuuliza kila mtu swali lile lile lililokuwa kwenye fomu: una uhusiano gani na wodi? Nao wakajibu. Wanangu wanne walizaliwa pale. Wajukuu wawili. Mke wangu alivuja damu pale, mama huyu wa mlangoni akamwokoa. Saa tisa kasorobo walivuka mia moja, na foleni ilikuwa bado inafika nje.

Zamu ya Toivo ikafika, uso umemvimba kwa hasira.

"Uhusiano wako na wodi?" Meredith akauliza.

"Wakati wetu kulikuwa hakuna wodi," Toivo akasema. Akavua kofia. "Wa kwanza wetu alizaliwa garini, maili arobaini kabla ya kufika hospitali. Hakulia."

Verna akashika fremu ya mlango. Kwa miaka thelathini na mbili, ndani ya nyumba ile, mwanamume huyu hakuwahi kulitamka jambo hilo.

Kalamu ya Meredith ilisimama. "Mlimpa jina?"

"Aili."

"Samahani, baba. Nitajie herufi zake, niliandike."

Toivo akamtajia, moja moja, na foleni nzima ikasubiri.