Msuli wa Refa Kunjalavi

Kamati ya mpira ya Tarapadam ilikuwa na watu tisa, na katika hao tisa hakuna hata mmoja aliyewahi kupigwa na mpira usoni. Pengine ndiyo maana walichaguliwa. Mtu aliyepigwa na mpira usoni hupata akili fulani, na kamati haikutaka watu wa namna hiyo.

Asubuhi ya nusu fainali mwenyekiti wao, Musakutti, alimfuata refa Kunjalavi machimboni. Alimkuta anachonga matofali ya mawe mekundu, vumbi limemkaa kwenye nyusi kama unga wa pilipili.

"Kunjalavi, leo kadi nyekundu isitoke mfukoni."

"Mtu akivunjwa mguu?"

"Atapelekwa hospitali. Kadi isitoke."

Sababu ilijulikana. Jumapili iliyopita Kunjalavi alimtoa Nufail, beki wa Tarapadam anayeitwa Lori, dakika ya nane tu ya mchezo. Sasa watu walikuwa wamekata tiketi kuja kumwona huyo huyo Lori. Walikasirika, wakang'oa mbao za jukwaa, wakaenda nazo makwao. Hadi leo kijijini kuna mabanda matatu mapya ya kuku ambayo hakuna anayesema mbao zake zilitoka wapi.

"Fujo moja nyingine," Musakutti alisema, "na hiyo filimbi utaivua shingoni. Mjini kuna refa ana cheti. Ana soksi zinazolingana."

Kunjalavi alitazama miguu yake. Soksi moja ilikuwa nyeusi, nyingine ilikuwa nyeusi zamani.

Darasa lake lilikuwa la nne, na hata hilo la nne hakulimaliza. Lakini filimbi alikuwa nayo mwaka wa ishirini na mbili sasa. Tangu mkewe, Pattumma, afariki, nyumbani kwake hapakuwa na wa kumjibu hata akikohoa. Akipuliza filimbi, watu kumi na wanne, saba kila upande, husimama wakamtazama. Huyo Musakutti mwenye mke mmoja, watoto saba na kasuku, angejuaje maana ya kitu kama hicho?

Kabla ya mchezo alipita kwenye kibanda cha chai. Mazungumzo yalikuwa yale yale ya wiki nzima: rafu ya makusudi iadhibiwe vipi.

"Kadi ya njano," alisema mmoja.

"Kadi ya njano kwa Nufail ni kama kumwonesha samaki picha ya maji," Kunjalavi alimjibu, akavuta chai yake ya rangi.

Kinyozi alikuwa na wazo lake. "Anyolewe sharubu upande mmoja. Palepale uwanjani. Mimi niko tayari, nakaa karibu."

"Wewe unatafuta wateja," muuza chai alisema. "Afungwe miguu dakika kumi. Kama mbuzi."

"Akifungwa miguu si umemtoa? Kamati haitaki atolewe."

"Basi afungwe mmoja."

Walicheka wote isipokuwa Kunjalavi, ambaye alikuwa akilifikiria wazo hilo.

Uwanja wenyewe ulikuwa shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, mabua yamekatwa chini kabisa na kukanyagwa mpaka yakalala. Upande mmoja lilisimama jukwaa la miti ya mipopoo, limejaa mpaka linalia. Upande wa pili, kwenye mstari kabisa, kulikuwa na viti vya plastiki vya wakubwa. Katikati ya wakubwa alikaa Biran Haji, mzee mnene mwenye taulo begani. Miezi mitatu iliyopita alikuwa amemwoza binti yake kwa Nufail, na bado alikuwa anampakulia mkwe nyama kwa mikono yake mwenyewe.

Wapinzani walikuwa Manalpuram. Walikuwa na kijana mmoja, Anshif, mwembamba kama utambi, ambaye mpira ukimfika mguuni unakuwa kama umemwona mama yake.

Dakika ya tano Anshif alipita. Nufail akamshika ukosi wa jezi, akamrudisha nyuma kama mtu anayerudisha nguo kabatini. Kunjalavi akapuliza, akampa kadi ya njano. Nufail aliitazama kwa heshima, akaitikia kwa kichwa. Faulo ikapigwa, mpira ukagonga ukuta wa watu, basi.

Dakika ya kumi na tano Anshif alipita tena, na safari hii alipita wote. Golikipa alikuwa amelala kifudifudi anakula vumbi, goli liko wazi kama mdomo wa mwenye usingizi. Nufail akaja kutoka nyuma, akamkwatua miguu yote miwili. Kisha akamwinua, akampangusa mabua ya mpunga mgongoni.

"Samahani ndugu yangu. Umeumia?"

"Umefanya makusudi," Anshif alisema.

"Ndiyo. Ungefunga."

Mashabiki wa Manalpuram walisimama jukwaani. Kunjalavi alipuliza filimbi mpaka masikio yakamziba. Mkono ukaenda mfukoni. Kando ya mstari Musakutti alikuwa ameinua kidole kimoja, anakitikisa taratibu, huku mkono wa pili umeshika tiketi zilizobaki. Faulo ilikuwa nje kidogo ya eneo la hatari, kwa hiyo penalti nayo haikuwepo. Ukuta mwingine wa watu, na Nufail angeendelea kuwapangusa watu migongo mpaka magharibi.

Kunjalavi akautoa mkono mfukoni mtupu. Akatembea hadi kwenye mfuko wake wa plastiki uliokuwa nyuma ya goli. Ndani mlikuwa na msuli wake mweupe wa Ijumaa, nguo ya kujifunga kiunoni yenye pindo la dhahabu, aliouleta ili abadilishe baada ya mchezo. Alikuwa ameufua mwenyewe. Pattumma alijua kipimo cha maji ya mchele ya kutilia nguo ukakamavu. Yeye hakukijua, na msuli ulikuwa umekauka ukawa kama bati. Ulipotoka mfukoni ulitoka na pembe zake.

"Vaa," alimwambia Nufail.

"Nivae nini, Kaka?"

"Huu. Juu ya kaptula. Mpaka mapumziko."

"Kwa sheria gani?"

"Kamati imekataza kadi. Nguo haijakataza."

Nufail alimtazama Musakutti. Musakutti alikuwa tayari ameingia uwanjani hatua mbili, lakini mtangazaji, ambaye kipaza sauti chake hakikuwahi kunyamaza tangu saa tisa, alimtangulia. "Wapenzi watazamaji, refa anamvisha Lori turubai." Jukwaa zima, Tarapadam na Manalpuram pamoja, lilianguka kicheko. Musakutti alisimama. Mtu wa kamati huogopa vitu viwili, watu waliokasirika na watu wanaocheka, na akaona hawa afadhali. Akarudi nyuma hatua zake mbili.

Nufail akaufunga msuli kiunoni, ukasimama mbali na miguu yake kama kengele. Kisha akainama, akashika pindo, akaukunja juu ya magoti, akaufunga tena. Akaruka mara mbili kuonyesha. Alikuwa amevaa msuli tangu utotoni. Ndani yake amepanda minazi, amevuka mito, amefukuzwa na nyati wa kufugwa wa jirani.

Kunjalavi aliyatazama magoti yale. Miaka hamsini na minane amevaa msuli kila siku ya Mungu, na alikuwa amesahau kwamba msuli unakunjwa.

"Asante, Kaka," Nufail alisema. "Msuli una hewa nzuri."

"Refa," mtu alipiga kelele kutoka jukwaani, "mletee na kilemba."

Faulo ikapigwa, ikagonga ukuta. Mchezo ukaendelea, na Nufail akakimbia vizuri kuliko mwanzo. Kunjalavi alianza kuiona soksi ya yule refa wa mjini, na ya pili yake inayolingana.

Halafu Anshif akaupeleka mpira upande wa viti vya plastiki. Hakuwa na hila yoyote, ndiko palikuwa na nafasi. Nufail akamfuata kwa mbio, kifua mbele, msuli magotini. Alipofika mbele ya viti akainua macho na kumwona baba mkwe wake.

Mkono ulienda wenyewe. Hakuna mtoto wa Tarapadam anayepita mbele ya mkubwa wake na msuli umekunjwa, sembuse mbele ya mkwe, sembuse ndoa ya miezi mitatu. Nufail akalivuta fundo, msuli ukashuka hadi vifundoni kwa mlio wa karatasi, akainamisha kichwa kidogo. Alipokiinua, Anshif alikuwa ameshafunga.

Moja bila.

Biran Haji, ambaye alikuwa Tarapadam mpaka kwenye mifupa, alipiga goti lake. "Mwanangu, kunja. Nimekuruhusu, kunja."

"Siwezi, Baba."

"Nakwambia mimi."

"Nimesikia, Baba, lakini siwezi."

Kwa kuwa Manalpuram hawakuwa wajinga, mpira uliofuata walimpelekea Anshif upande ule ule. Biran Haji akaona afanye jambo. Aliinuka, akageuza kiti chake, akakaa ameupa uwanja mgongo. Nufail akakunja kwa furaha, akaja mbio, akamfikia Anshif, na alikuwa anakaribia kabisa kumpokonya. Jukwaa likapiga ukelele mkubwa. Sasa niambie, ni nani anaweza kuusikia ukelele kama ule asigeuke? Biran Haji aligeuka.

Msuli ukashuka. Mbili bila.

"Baba," Nufail alisema, karibu na kulia, "ungefunga macho."

"Nilifunga. Yamefunguka."

Hapo ndipo Musakutti aliposhindwa kuvumilia. Msuli wake mwenyewe ulikuwa umekunjwa juu ya magoti, ngumi amezikunja pia, na alikuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumnyang'anya mtoto kisu. "Nipe hiyo filimbi. Nipe sasa hivi, mbumbumbu wewe."

Kunjalavi alimwona anakuja. Hakukimbia. Alitembea kinyumenyume, hatua sita, mpaka akahisi kiti cha Biran Haji kinamgusa nyuma ya magoti. Akasimama hapo.

Biran Haji ndiye aliyemfundisha Musakutti alifu na be, kwa fimbo ya mpopoo.

Musakutti alipofika hatua ya tatu kutoka kwenye kiti, mwendo ulimwishia. Ngumi zilifunguka. Mkono ukaenda kiunoni, msuli ukashuka. Sauti nayo ikashuka.

"Assalamu alaikum, Mwalimu."

"Waalaikumu salamu, Musakutti. Umekula?"

"Nimekula, Mwalimu." Kisha, kwa Kunjalavi, kwa upole kama mtu anayembembeleza mgonjwa: "Nipe filimbi, nguruwe wewe, kabla sijakutoa meno."

"Nitaitoa dakika sitini za mchezo zikiisha," Kunjalavi alijibu, kwa upole vilevile.

"Mnanong'ona nini?" Biran Haji aliuliza. "Mimi sisikii vizuri upande huo."

"Mwenyekiti anataka kubadilisha refa, Haji."

"Kwa kosa gani?"

Musakutti aliutazama mkongojo wa mzee. Mbele ya mtu mwingine angesema neno lolote. Mbele ya fimbo ile, hata kama sasa ilikuwa mkongojo, uongo haukumtoka.

"Mkwe wangu amemkwatua yule kijana," Biran Haji alisema. "Nimemwona. Inaniuma, nimemlisha kuku wangu wote. Lakini amemkwatua. Kaa, Musakutti, unanizibia."

Musakutti akakaa. Hapakuwa na kiti; alikaa chini, kwenye mabua ya mpunga.

Mapumziko yalipofika Nufail alimrudishia refa msuli, ukiwa umelainika kidogo kwa jasho, nao ukarudi kwenye mfuko wake. Kipindi cha pili Anshif alimpita mara tatu. Mara zote tatu Nufail aliinua mguu, akautazama ule mfuko wa plastiki nyuma ya goli, akaushusha mguu taratibu. Ilibidi amkabe mwenzake kwa kucheza mpira, na ikaonekana kwamba alikuwa anaujua. Hata bao moja la Tarapadam lilianzia kwake. Hakuna aliyetolewa wala aliyeng'oa ubao. Mchezo ukaisha mbili kwa moja, Manalpuram wakaenda fainali, na kamati ikajifungia nyuma ya jukwaa, watu tisa, wakaijadili filimbi ya Kunjalavi kuanzia alasiri hadi magharibi bila kumwita mwenyewe aseme neno. Ndivyo wafanyavyo. Jambo lako wakiliamua wewe upo, wanaona kama hawakuliamua.

Kesho yake Musakutti alirudi machimboni. Alisimama mbali na vumbi.

"Kamati imekaa," alisema.

"Naona imeinuka pia."

"Filimbi utabaki nayo. Fainali pia ni yako." Aliyasema hayo kama anang'olewa jino. "Tiketi zimekwisha tangu asubuhi. Kila anayekuja anauliza kama msuli utakuwepo. Kwa hiyo tumepitisha. Rafu ya makusudi, mtu anavalishwa msuli. Nimeandika kwamba wazo limetoka kwa kamati."

Kunjalavi aliendelea kuchonga. Filimbi ilikuwa shingoni mwake. Alikuwa amelala nayo.

"Sawa," alisema. "Andikeni mnavyotaka."

"Ila kuna jambo. Watu wamelipa. Msuli uvaliwe si chini ya mara mbili kila mchezo."

Shoka lilisimama. "Atakayekosea ndiye atakayevaa. Wakikosea kumi, watavaa kumi."

"Na asipokosea mtu?"

"Watatazama mpira."

Musakutti akasahau vumbi, akasogea karibu. Ilionekana wazi kwamba jambo hilo halikuwahi kumjia akilini.

"Wiki nzima mpaka fainali," alisema, "wakiuliza kama msuli utakuwepo, nitawaambia nini watu?"