Kucha Mbili za Habu ya Nyuma

Kijiji kizima cha Simbo kilijua kwamba baiskeli ya gia ikigoma, dawa yake ni Ndikumana. Zile baiskeli za milimani zenye matairi mapana, zilizoachwa na watu wa mashirika walipomaliza mikataba yao, zilikuwa na ugonjwa mmoja. Ndani ya habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, mna vichuma viwili, kila kimoja hakizidi punje ya mhindi, vinavyong'ata meno ya habu mtu anapokanyaga pedali na kuyaachia anapoacha kukanyaga. Ndikumana aliviita kucha. Kucha zikilika, miguu inazunguka bure na baiskeli imesimama. Madukani Kigoma mjini hazikuwepo, na huko Ulaya zinakotengenezwa, nani angemtumia Mrundi mkimbizi asiye hata na sanduku la barua?

Basi alizitengeneza mwenyewe. Alichukua tupa iliyokwisha makali, akaichoma hadi ilainike, akakata kipande na kukisugua siku nzima, kisha akakichoma tena mpaka kiwe chekundu na kukitumbukiza majini. Kucha za namna hiyo zilidumu miaka miwili, mara nyingine mitatu. Kilichomtesa ni springi za kuziinua, nyembamba kama unywele, alizozikunja kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki. Hizo zilichoka mapema, na kila mteja aliambiwa arudi baada ya miezi sita abadilishiwe. Jambo la pili aliloambiwa kila mteja, tena kwa ukali, ni kwamba asithubutu kutia mawese. Kwa watu wa Kigoma mawese ni kila kitu: mboga, sabuni, ngozi ya mtoto, bawaba za mlango. Wengine wakayamimina hata kwenye habu. Ndikumana aliifungua akakuta uji mzito wenye mchanga, akamtazama mwenye baiskeli kana kwamba amemlisha mtoto sumu.

Ila hayo aliyasema kijiweni tu. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu, na mkewe Révérienne, kwa miaka kumi na moja ya ndoa yao, hakuwahi kuambiwa ndani ya habu mna nini. Wanaume wa namna hiyo wapo tele, na husifiwa kwa utulivu wao.

Mwaka huo wa 2004 Warundi walikuwa wakirudi kwao. Mama yake Ndikumana, bibi Veneranda, aliishi kambini na binti yake Aurore, naye akajiandikisha kurudi. Ndikumana alikwenda huko kumzuia. "Kule ndiko walikomuua Minani," alimwambia, akimtaja kaka yake mkubwa. Mama akamjibu kwamba ndiyo sababu yenyewe: kaburi la Minani halina wa kulipalilia. Wakabishana mpaka majirani wakasogea kusikiliza, na Ndikumana, aliyezoea kunyamaza, akafumbua kinywa siku ambayo ingefaa anyamaze. "Nenda basi," alisema. "Kuanzia leo sina mama."

Aliondoka bila kuaga. Kabla hajafika Simbo alikuwa ameshajuta, lakini kurudi aliona aibu, na aibu ile ikageuka wiki, wiki zikawa miezi miwili. Ndipo Feliksi, muuza dagaa aliyezunguka mpaka kambini, akaleta salamu za Aurore. Mama angeondoka Jumamosi kwa boti kutoka ufukwe wa Kibirizi, Kigoma mjini, saa mbili asubuhi, na alikuwa amesema hataki kuvuka bila kumwona mwanawe.

Ndikumana alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu siku ile. Alivyolelewa yeye, neno kama lile haliondolewi kwa barua wala kwa mjumbe. Aliyelitamka hupiga magoti mbele ya mama, na mama kwa kinywa chake husema ameliachilia. Lisipoachiliwa hubaki juu ya mtu, na baada yake juu ya watoto wake, na yeye alikuwa na Armelle wa miaka sita.

Shida ilikuwa njia. Siku hizo mgambo walikamata wakimbizi wanaoishi nje ya kambi bila kibali, na Ndikumana kibali hakuwa nacho. Kizuizi chao kilikuwa katikati ya mteremko baada ya Simbo. Nyuma ya kibanda chao palikuwa na kinjia cha mashambani, na mtu akikipita alfajiri, bila taa, angeweza kuponyoka.

"Kinachonitia hofu ni ile sauti," alimwambia mkewe Alhamisi jioni, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Nikiacha kukanyaga pale mteremkoni, habu inalia tik-tik-tik. Watanisikia."

Révérienne aliendelea kuchambua maharage.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri Ndikumana alitoka. Ilikuwa Julai, baridi ya kiangazi inayoingia mpaka kwenye vidole. Alipofika mteremkoni aliacha kukanyaga, akainama juu ya usukani, akaisubiri ile tik-tik. Haikuja. Baiskeli ilishuka kimya kama kivuli. Alipita nyuma ya kibanda akamwona mgambo mmoja akiota moto, mgongo kwake, wala hakugeuka. Ndikumana alimshukuru Mungu kwa kuifunga habu kinywa.

Chini ya mteremko alikanyaga pedali, miguu ikazunguka bure. Alikanyaga tena, taratibu, kisha kwa nguvu. Hakuna. Akashuka, akapitisha kidole nyuma ya meno ya gia, kikatoka na utelezi mzito. Alikinusa. Ilikuwa harufu ya jikoni kwake.

Alielewa yote kwa mara moja. Mkewe alikuwa ameyapasha moto mawese, pengine Ijumaa yeye alipokuwa kijiweni, akayamimina habuni kwa kijiko ili ikae kimya, ili mumewe afike kwa mama yake. Baridi imeyagandisha. Mteremko umezilaza kucha, na mafuta yaliyoganda yamezishika palepale. Springi mpya pengine zingeziinua, lakini za baiskeli yake zilikuwa na miezi kumi na minne, kwa maana fundi hujitengenezea mwisho, baada ya watu wote.

Kuwasha moto karibu na kizuizi hakuweza. Alishika usukani akakimbia, akiisukuma, maana kuitupa hakuthubutu, ndiyo iliyowalisha. Baada ya kilomita nne hivi aliingia kwenye michikichi, akawasha makuti makavu, akaishikilia habu juu ya mwali hadi mafuta yakaanza kudondoka. Kucha zikang'ata. Alikwenda mbio, akijikaza asiache kukanyaga, lakini kwenye kijito alilazimika kushuka, na alipopanda tena habu ilikuwa imepoa na miguu ikawa inazunguka bure. Hapo alilia, mtu mzima, peke yake, huku akiendelea kukimbia.

Jua lilipopanda mawese yaliyeyuka yenyewe. Alikuwa anaingia Kasingirima, viungani mwa mji. Kucha zilishika, tena imara, na redio ya muuza chai ikatangaza saa mbili kamili.

Kibirizi alifika boti likiwa limeshakuwa dogo majini. Ufukweni palibaki magunia yaliyokataliwa na mama mmoja mwenye karatasi mkononi, mtumishi wa serikali kutoka Bukoba aliyeitwa Joanitha, ambaye alikuwa akiandikisha wanaoondoka. Ndikumana alimwamkia, akauliza.

"Bibi Veneranda?" Joanitha aliitazama karatasi, ingawa ilionekana haihitaji. "Ndiwe mwanawe?"

"Ndiyo, mama."

"Pole sana, baba. Alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Kila ninapomwita anawapisha walio nyuma yake, mpaka watu wote wakapanda. Anasema, mwanangu ana baiskeli, hatachelewa. Nahodha alipokasirika ndipo binti yake akambeba." Akaikunja karatasi. "Niliwaomba wasubiri. Walisubiri kidogo."

Ndikumana alikaa mchangani mpaka boti halikuonekana tena.

Alirudi Simbo jioni, giza likiingia, kwa kinjia kilekile. Révérienne alikuwa akimngojea mlangoni, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

"Baba Armelle, walikusikia?"

Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa swali jingine. Alimtazama mwanamke huyu, mikono yake yenye wekundu wa mawese usiotoka kwenye kucha, akajua kwamba akimwambia, mkewe hatajisamehe maisha yake yote. Huo ulikuwa mzigo ambao yeye tayari alikuwa nao, na hakuona haja ubebwe na watu wawili.

"Hawakunisikia," alisema. "Nilipita kimya kabisa."

"Na mama ulimkuta?"

"Nilimkuta."

"Akaliachilia?"

"Akaliachilia."

Révérienne alimshika shingoni akacheka na kulia pamoja, akamweleza kuhusu yale mawese, jinsi wazo lilivyomjia akichambua maharage. Ndikumana alimwambia amefanya vizuri. Keshoye aliipeleka baiskeli kijiweni, akaiosha habu kwa mafuta ya taa, akakunja springi mpya, na hakumfokea tena mteja yeyote kuhusu mawese. Aliwaeleza kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, akiwaomba wakawaeleze na wake zao.

Mwezi wa Septemba Feliksi alileta habari kwamba bibi Veneranda amefariki. Malaria, siku nne tu. Warundi wa Simbo walikusanyika kwa Ndikumana kuomboleza, na siku ya kumaliza msiba mzee Ngendakumana, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akasimama.

"Ndikumana, mwanangu, wewe ulionana naye alipokuwa akivuka. Mkeo ametueleza. Tuambie marehemu alikuachia neno gani, ili nasi tulishike."

Révérienne, katikati ya wanawake, alimtikisia kichwa kumpa moyo. Ndikumana alisimama. Alikuwa na neno moja tu la mama yake, lile la baiskeli, alilopewa na mgeni ufukweni, na hilo hakuweza kulisema.

"Alisema ameniachilia," alisema. "Akasema nimtunze mke wangu."

"Ego," waliitikia wote, yaani ndiyo kwa Kirundi, na Révérienne akajifunika uso kwa kitenge.

Kisha wakaja kumpa mkono mmoja mmoja. Mzee Ngendakumana alimshika mikono yote miwili akamwambia ana bahati, kwa kuwa wangapi katika ukimbizi huu wamefiwa na mama zao bila kuachiwa neno. Ndikumana alimshukuru, akampisha wa nyuma ya mzee.